Chakula kinachoshuka bandari ya Kilindini: tunaogopa kitu gani hasa?

Bint Kibokoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Ramadhani inabisha hodi na magrupu ya WhatsApp yameanza kazi yao. Ile video ya mchele wa plastiki imerudi tena: mkono unaviringa tonge la wali, unalibwaga sakafuni, tonge linadunda. Shangazi yangu ameapa mwaka huu hanunui mchele wa Pakistani, ni Pishori ya Mwea tu. Bei ya Pishori mnaijua wenyewe, na nyumba ile ina vinywa vingi.

Nataka tulizungumze bila kutishana. Sisi watu wa mji huu tunalishwa na bahari, na sisemi samaki. Mchele unatoka Pakistani. Ngano ya mahamri inakuja kwa meli. Mafuta ya kukaangia ni mawese ya Malaysia na Indonesia, hata kama yamesafishwa hapa nchini. Tende za Saudia na Iraki, tufaha za Afrika Kusini. Ukisema huli cha nje Mombasa, utafuturu kwa madafu na muhogo.

Mimi mchele haunipi shida. Kinachonikosesha raha ni bizari ya unga inayopimwa kutoka kwenye beseni, na nitawaambia kwa nini. Lakini kwanza nyinyi: kipi mmeacha kununua, na kwa sababu gani?

Mbishi wa Bamburi

Hii ya plastiki tuizike leo. Wali wowote ulioiva, ukiubana sawasawa mkononi, unadunda. Ni wanga huo. Jaribu na Pishori ya shangazi uone. Halafu piga hesabu ya dukani: kilo ya plastiki ghafi kwa kawaida ni ghali kuliko kilo ya mchele wa bei ya chini. Tapeli gani huyo anayechanganya cha bei rahisi kwa cha bei ghali? Atafilisika kabla ya Idi.

Nigeria walipitia hii hii. Desemba 2016 forodha ya Lagos ilikamata tani 2.5 za mchele ikatangaza kuwa ni plastiki. Ukapelekwa kwa NAFDAC, wakala wao wa chakula na dawa, ukapimwa. Si plastiki. Lakini, na hapa ndipo watu huacha kusoma, walikuta una vijidudu kupita kiwango na haufai kuliwa. Yaani hatari ilikuwepo kweli, ila si ile iliyopigiwa kelele.

Mwana wa Likoni

Mimi natumia bakodi. Ikianza na 690 hadi 699 ni China, narudisha rafuni. 616 ni Kenya, natia kikapuni. Kwisha.

Mbishi wa Bamburi

@Mwana wa Likoni pole ndugu yangu. Zile namba za mbele zinaonyesha kampuni ilisajili bakodi nchi gani, basi. Hazisemi chakula kililimwa wapi. Mchele wa Pakistani ukifungwa na kampuni ya hapa unaweza kuanza na 616 vizuri kabisa. Umekula vya nje miaka yote hii na raha zako.

Mwana wa Likoni

Hahaha haya basi. Na vile vistika vya tufaha? Niliambiwa namba ikianza na 8 ni GMO, yale mazao yaliyobadilishwa vinasaba.

Bint Kibokoni

Vile ni vya kumsaidia keshia kujua anapigia bei tunda gani. Tarakimu nne ni tunda la kilimo cha kawaida, tano zikianza na 9 ni la kilimo kisichotumia kemikali za viwandani. Ile 8 iliwahi kutengwa kwa GMO lakini madukani haikutumika. Na kistika chenyewe ni hiari ya muuzaji. Habari ya GMO (marufuku ya Novemba 2012, kuondolewa Oktoba 2022, kisha kesi juu ya kesi) naomba ifunguliwe uzi wake, la sivyo hapa hatutoki.

Kuli Mstaafu

Wanangu, nimebeba magunia bandarini na kwenye magodauni mpaka mgongo ukaniomba talaka. Ngoja niwaambie mali inavyopita, kisha mchague wenyewe pa kuogopa.

Ukaguzi wa mali ya nje hauanzii Kilindini. Tangu 2005 KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana mpango wao wa PVoC: mali inakaguliwa huko huko inakotoka, na makampuni yaliyopewa kandarasi, ikipita inapewa cheti. Ikifika hapa bila cheti ni kesi. Kisha hapa kuna KEPHIS wanaoangalia nafaka na matunda kwa wadudu na magonjwa ya mimea, kuna watu wa afya ya bandari wanaoangalia kama kinalika, KEBS wanaangalia kiwango na lebo, na KRA wa ushuru wanataka chao. Mkaguzi anachoma gunia kwa bambo, nafaka inateremka kwenye ule mfereji mpaka kiganjani, na kabla hajaitia kwenye mfuko wa sampuli ataipeleka puani. Mchele uliolowa safarini una harufu yake, huhitaji shahada kuijua.

Kwa hiyo mimi meli haijawahi kunitisha. Kinachonitisha ni godauni, tena usiku.

Nimeona kwa macho yangu, mahali sitapataja. Magunia ya kilo 50 yamemwagwa sakafuni, mchele mpya na wa zamani unakorogwa kwa sepetu, vijana wanajaza viroba vyeupe visivyo na neno, na ile cherehani ya mkono inapita mdomoni, trrrr, mshono mmoja, kiroba kinatupwa kando. Yale magunia ya mwanzo, yenye jina la nchi na mwaka wa mavuno na tarehe, yanakunjwa yanauzwa soko la Kongowea yakatiliwe makaa. Cheti kilikuwa cha lile gunia, jamani. Kiroba hakina cheti.

Na sukari mmeisahau? 2018 nchi ilitikisika. Fred Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, akasema sukari ya magendo ina zebaki na shaba. Wakubwa wenzake serikalini wakapingana kuhusu zebaki, sisi tukabaki tunaangaliana na vikombe vyetu. Mei 2023 ndipo tukasikia magunia 20,000 ya sukari iliyoingia mwaka huo wa 2018, iliyokwisha kukataliwa isiliwe na iliyotakiwa kugeuzwa spiriti ya viwandani, yametolewa godauni kinyume cha utaratibu. Maafisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi. Sasa tazameni vizuri: hiyo sukari ilikaguliwa. Ukaguzi ulisema hapana. Ikalala miaka mitano, ikaamka, ikatoka.

Mwana wa Likoni

Miaka mitano! Na chai hapa hainywewi bila vijiko vitatu.

Fundi wa Maabara

Shikamoo Mzee. Umesema yote ya godauni, niongeze ya maabara, maana watu wanadhani cheti ni kinga ya kila kitu. Maabara haijibu swali ambalo hukuliuliza.

Chukueni maziwa ya China ya 2008. Walikuwa wanatia maji kwenye maziwa ili yaongezeke. Yakipimwa protini inaonekana ndogo. Kipimo chenyewe hakikuwa kinahesabu protini moja kwa moja, kinahesabu naitrojeni, kisha kinakadiria. Wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea sahani ngumu, kwa sababu imejaa naitrojeni. Karatasi ikasoma vizuri. Watoto wapatao 300,000 waliugua, mafigo yakaziba kwa vijiwe, sita walikufa. Maziwa yale yalikuwa yamepimwa kila siku, ila hakuna aliyekuwa akitafuta melamini, kwa sababu nani atatia melamini kwenye maziwa?

Ndiyo maana nikiona lebo imeandikwa "imepimwa maabara" huwa nauliza: imepimiwa nini?

Halafu kuna upande wa pili, maana naona uzi unaanza kuelemea kwamba cha nje kibaya na cha nyumbani kizuri. 2004 kule Ukambani watu 317 waliugua kwa aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka, na 125 kati yao wakafa. Hayakuwa mahindi ya meli. Yalikuwa mahindi yao wenyewe, yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani, haina ladha, na sufuria haiiondoi. Ugali wa nusu saa motoni unabaki nayo. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaelekea kwenye ini. Kinachosaidia kidogo nyumbani ni kuchambua kabla ya kusaga: punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usiwape kuku.

TangaMoja

Habari za huko ng'ambo ya mpaka. Kwanza niulize, "cha nje" ndiyo kipi? Machungwa mnayokamulia futari yanatoka Muheza, yamepita Horohoro na Lunga Lunga alfajiri, na sijamsikia mtu akiyaogopa. Lakini Machi 2021 mamlaka yenu ya kilimo na chakula ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ndiyo hiyo aflatoksini. Malori yakakwama Namanga. Baada ya siku chache wakaruhusu kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Masharti siyapingi, ni mazuri. Ila Novemba 2019 KEBS hao hao walikuwa wameondoa sokoni aina tano za unga wa mahindi uliosagwa hapo hapo Kenya, na Januari 2020 wakaongeza nyingine 17. Sumukuvu haigongewi muhuri mpakani.

Kuli Mstaafu

Mtanga kasema kweli. Na machungwa yenu ni matamu, leteni tu.

Mwana wa Likoni

@Fundi wa Maabara kwa hiyo mchele hauna neno, niwaambie nyumbani?

Fundi wa Maabara

Una neno, lakini si la video. Mpunga unakaa ndani ya maji, kwa hiyo unafyonza sumu ya aseniki kutoka ardhini kuliko nafaka nyingi, uwe wa Punjab au wa Mwea. Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, wameweka kikomo cha miligramu 0.2 za ile aseniki mbaya kwa kilo ya mchele mweupe. Jikoni, ukipika kwa maji mengi kisha ukayamwaga, inapungua. Wali wa biriani wetu, unaochujwa maji ukiwa na kiini kisha ukapaliwa makaa juu, uko mbele ya wali unaopikwa mpaka maji yakauke. Sisemi muache wali wa nazi. Nani angenisikiza?

Mama Samosa

Nyinyi mnaongea viwango, mimi naongea mfuko. Nakaanga sambusa na viazi karai, na majirani zangu wengi wananunua salad, mafuta ya kupikia, ya kupima. Ya ishirini, ya thelathini, mtu amekuja na chupa ya soda. Hapo lebo gani tutasoma? Na bizari hivyo hivyo, sukari hivyo hivyo, unga wa maziwa kwenye karatasi ya plastiki iliyofungwa fundo. Anayenunua boksi zima ndiye anayeiona tarehe. Anayenunua kijiko anauziwa imani.

Tena hata boksi. Nilinunua katoni ya maziwa ya unga kwa duka la jumla, jina lake nimeliweka moyoni. Nimefika nyumbani, nimeshika mkebe kwa mkono wenye mafuta, tarehe ikanibakia kidoleni. Chini yake bati limekwaruzwa kama limesuguliwa na stilwuli, na ukiinamisha mkebe kwenye taa unaona alama za namba za mwanzo. Nikarudi nao. Mwenye duka akaniambia, "Mama, maziwa ya unga hayaozi." Nikamuuliza, kama hayaozi, aliyefuta alikuwa anafuta nini? Alinirudishia pesa haraka haraka kabla wateja wengine hawajasikia. Zile katoni nyingine zilibaki hapo hapo rafuni.

Mbishi wa Bamburi

Sasa Mamangu, hapo ungepiga picha na risiti ukapeleka KEBS. Katiba kifungu cha 46 kinakupa haki ya bidhaa bora na habari kamili, na kuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012. Ukinyamaza, zile katoni anauziwa mwingine.

Mama Samosa

Mwanangu, na ile wiki mvua inanyesha sijauza kitu, katiba itanikopesha ngano? Yule ndiye anayenikopesha.

Mbishi wa Bamburi

Hapo sina jibu.

Kuli Mstaafu

Usimlaumu Mama. Duka la jumla na muuza sambusa hawako sawa mizani. Lakini Mama, picha unaweza kumpa mtu mwingine apeleke. Hapa wapo wengi wasiokopa kwake.

Fundi wa Maabara

Tena tarehe zina maana mbili, na wauzaji wanajificha hapo katikati. Ile ya "bora kutumiwa kabla ya" inahusu ladha na ubora. Biskuti iliyopita kidogo haitakuua. Ile ya mwisho wa kutumiwa ndiyo ya usalama. Mwenye duka wa Mama angekuwa na hoja kama angeiacha tarehe ya kwanza isomeke na akapunguza bei. Kuifuta ni wizi, hata kama maziwa ni mazima.

Kitu kingine kinachosaidia: mali ya chakula inapoingia nchini inatakiwa iwe bado imebakisha asilimia 75 ya muda wake. Kwa hiyo mkebe wa miaka miwili ukiukuta dukani umebakisha wiki tatu, jua ulikaa mahali kwa muda mrefu baada ya kushuka. Mahali hapo pengine ni safi, pengine ni banda la mabati Changamwe lenye joto la tanuri. Hilo lebo haikwambii.

Na alama za KEBS: ile stika ya ISM ni ya mali iliyotoka nje. SM ni ya bidhaa za hapa. Namba ya kibali iliyo chini ya SM unaweza kuituma kwa 20023 ujibiwe ni ya nani. Nimekuta namba ya kampuni ya sabuni kwenye pakiti ya chakula.

Mwana wa Likoni

Ya sabuni?! Basi angalau ilikuwa safi.

Bint Kibokoni

Haya, nimeahidi bizari.

Kuna watafiti walifuatilia risasi, ile metali yenye sumu, kwenye damu ya wajawazito Bangladesh, wakajiuliza inatoka wapi. Walipoifuata ikawapeleka mpaka kwenye manjano. Baadhi ya wasindikaji walikuwa wakisugua manjano kwa rangi ya njano yenye risasi na kromiamu, rangi ya viwandani hiyo, ili mizizi iliyofifia ing'ae na ipate bei. Zoea lenyewe lilianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuharibu rangi ya mavuno. Utafiti ulitoka 2019, serikali yao ikatangaza hatari, ikavamia soko la jumla na vipimo vya papo hapo, ikatoza faini. Sampuli za sokoni zenye risasi zikatoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri 2021. Kwa hiyo jambo hili linawezekana kukomeshwa, na bila miujiza.

Marekani nako, 2023, watoto walipatikana na risasi mwilini kwa kula tufaha za kusaga zenye mdalasini. Mdalasini ule ulisagwa Ecuador, na ndani mlikutwa risasi na kromiamu.

Mnaona kinachofanana? Kote kitu kilikuwa cha unga, chenye rangi, kinachouzwa kwa uzito. Risasi inaongeza rangi na uzito pamoja. Na kwa jicho hutaijua, hata uwe umezaliwa Markiti. Watoto ndio wanaoumia, akili zao, na hakuna dalili utakayoiona mezani.

Simtuhumu muuza bizari yeyote wa hapa. Yeye mwenyewe anaipokea kwa gunia, imeshasagwa, hajui. Mimi nimeacha tu kununua ya unga. Nanunua manjano mazima, mdalasini wa magome, pilipili manga nzima, binzari nyembamba na giligilani za punje. Punje ina sura yake, ikiwa na vumbi au wadudu naiona. Naiosha, naianika darini, naisaga. Tende pia nimekoma zile zilizomwagwa wazi na nzi juu yake. Nachukua boksi, nasoma kama wametia sharubati ya glukosi, na kila moja naipasua niangalie ndani kabla ya kumpa mtoto.

Mama Samosa

Bint, hiyo ya bizari imenigusa maana ndiyo kazi yangu. Lakini blenda yangu haiwezi manjano makavu, nilivunja kisu cha kwanza nikavunja cha pili. Unasaga wapi?

Bint Kibokoni

Pale Majengo kuna mashine za bizari, si za mahindi. Twanga manjano kwenye kinu kwanza yawe vipande, wakikataa waambie yametwangwa. Nenda mapema, kabla hawajaanza pilipili za wenye mahoteli, na usimame hapo hapo. Wape giligilani kidogo wapitishe mwanzo, isafishe mashine, hiyo uitupe.

Kuli Mstaafu

Na begi lako mwenyewe, Mama. Usikubali kiroba chao.

Mama Samosa

Nakwenda Jumamosi. Anayetaka tuchange gunia la manjano mazima aandike hapa, nikipata watu watano bei ya Markiti inashuka.

Mwana wa Likoni

Niandike. Kilo mbili.

TangaMoja

Manjano mazima yapo Muheza pia, na iliki ya Amani. Lakini nyinyi si hamtaki cha nje?

Mama Samosa

Mtanga, leta bei.